Vitabu Vimefungiwa Kabatini

Temeke, Dar es Salaam

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na patasi bado unaishika. Mama naye namwamkia. Kikohozi chake kimekwisha? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka, na nisipokwambia wewe sina wa kumwambia.

Najua mlikasirika kwamba sikuja Krismasi. Uliniandikia kuwa chumba changu kilifagiliwa bure. Nisamehe, Baba. Sikubaki mjini kwa starehe. Likizo iliyotangulia watoto wangu wa darasa la tatu waliondoka wakisoma bila kusita. Waliporudi walikuwa wanaunga silabi kwa kidole, nikaanza upya kama kwamba sijapata kuwafundisha. Niliapa safari hii haitakuwa hivyo.

Siku ya kufunga shule nilimwomba mwalimu mkuu vitabu vya kusomea niwaazime watoto. Alikwisha kuvifungia kabatini, na ufunguo umo mfukoni mwake. Akanijibu kwamba ni mali ya Serikali, na watoto wa huku wanakula mihogo na samaki bila kunawa. Nikamwambia nitakaa nao mwenyewe na kuwanawisha. Akacheka, akaniuliza kama kwetu Newala sina wazazi wanaonisubiri.

Basi nikaenda kwa Bi Sakina, mke wa Mhindi mwenye duka la mtaani kwetu. Yeye hufungia sukari na chumvi kwa magazeti ya zamani. Nikamwomba aniazime yale ya Kiswahili kabla hayajachanwa. Hakuuliza mengi, alitaka tu niyarudishe bila kuloa, maana sukari itayangoja. Nikatandika mkeka kibarazani kwangu, watoto wakaja, wakasoma habari za bei ya pamba na mashindano ya mpira kama wanaosoma hadithi. Nilifurahi, sikufichi.

Furaha haikudumu. Mmoja alipelekwa Mbagala kufukuza ndege shambani, mwingine akatumwa kuuza mihogo ya kuchemsha, wengine wakachoka tu. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wazazi walinikaribisha, wakanipa chai, wakanikubalia kila neno, na kesho yake mkeka ukawa mtupu. Afadhali wangenikatalia.

Aliyenikatalia ni mmoja, baba yake Zuhura, Mzaramo anayebeba mizigo bandarini. Zuhura ndiye msomaji wangu hodari, na alikuwa haonekani siku kadhaa. Nilimkuta mzee amekaa mlangoni anajikanda miguu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, shule imefungwa. Aliyeifunga ni Serikali. Wewe unaifungua kwa amri ya nani?"

Nikamjibu kwamba sifungui shule, nasomesha watoto magazeti.

"Na binti yangu anatoka kwangu anakwenda kukaa kibarazani kwa mtu nisiyejua kwao. Watu wakiniuliza, mie nawajibu nini?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kama ndivyo, Zuhura asome hapo hapo uani kwake, mbele ya macho yake, na mimi nitakuja. Nilisema kwa kumkomoa, Baba, si kwa hekima, nilidhani atanifukuza. Akaacha kujikanda miguu, akamwita mkewe atoe mkeka.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza likizo, uani kwa kuli, kati ya vyungu na kuku. Walibaki wachache, vidole vya mkono mmoja vinatosha kuwahesabu. Mzee akirudi kutoka kazini alikaa pembeni. Siku moja Zuhura alikatiza katikati ya habari ya meli iliyokwama, mama yake alipomwita. Mzee akamwuliza, "Ikawaje?" Mama ikambidi angoje.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu akaja darasani kuwasikiliza. Wengi walikwama kwenye neno la pili, na wengine wakalia. Zuhura na wenzake wakasoma ukurasa mzima. Mwalimu mkuu akanigeukia, akasema, "Unaona, Mwalimu? Kupumzika kunawasaidia."

Nikaitikia ndiyo, bwana, nikageukia ubao ili asinione uso. Nimeshamwomba vitabu kwa likizo ijayo. Amesema tutaona.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha raha kuliko hayo yote. Umeandika kwamba mdogo wangu Anastasia amerudi shuleni akashindwa kusoma, nawe ukamchapa kwa uvivu. Niwie radhi kwa nitakalosema. Mtoto aliyetwanga na kuchota maji likizo nzima si mvivu. Nani alimpa cha kusoma? Kitabu cha sala kiko juu ya sanduku lako. Akusomee kidogo kila jioni wakati unachonga, na akikosea mwache ajirekebishe mwenyewe, usimchape. Nimebishana na watu wa Temeke nisiowajua, wakanisikia wachache. Nisiposikilizwa nyumbani kwetu, nikaseme na nani?

Unisalimie Mama, na kaka Yohana fundi wa baiskeli, na shangazi anayekutunzia mbuzi. Mjomba mwimbisha kwaya mwambie sijaacha kuimba.

Majibu ya barua hii, Baba, tafadhali usiyaandike wewe. Mpe kalamu Anastasia. Hata akiandika mistari miwili yenye makosa, nitaisoma yote.

Ni mimi binti yako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Agnesi