Muwa Aliomenyewa Baba

Jumanne, Lurambi

Bado nawaza ule muwa. Jumamosi Baba alipotokwa na jasho shambani na kuishiwa nguvu, sote tulisema sukari imeshuka, kama kawaida yake. Mashine ya kupimia ilikuwa nyumbani. Mama akakata muwa palepale, akaumenya, akamlisha vipande. Tukamlaza kivulini. Hakushika kifua, hakulalamika hata kidogo.

Leo, hospitalini tulikomleta jana, daktari ametuita kando, mimi na Mama. Kumbe ulikuwa mshtuko wa moyo. Kisukari cha miaka mingi kimeua mishipa ya fahamu, ndiyo maana Baba hakusikia maumivu.

“Mngemleta siku ileile, tungeokoa sehemu kubwa,” akasema. “Sasa moyo umechoka, na hiyo sukari itazidi kuuchosha.”

Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Nani angejua, bila maumivu...

Baba hajaambiwa. Kila mgeni akifika kitandani, Baba anamwonyesha Mama kwa kidole: “Huyu mama watoto ndiye aliniokoa na muwa wake.”

Mama anaitikia tu, “Eeh,” huku akiangalia sakafu.

Baba ameomba kesho tumpelekee muwa mwingine.