Kwa Mwende, Aliyenifungua Miguu

Mwende wangu,

Sijui kama huko Kibwezi ulikouzwa kuna mtu anayekuita Mwende. Jina hilo ulipewa na Mama Kanini, mwenye boma letu, asubuhi uliyozaliwa. Mimi punda, nani angeniuliza? Lakini nililipenda.

Kabla yako, kila nikishusha mitungi ya maji nilifungwa miguu ya mbele kwa kamba ya mkonge, nisitoroke. Nilikuwa naangalia vilima vya mbali nikitamani kukimbia tu, hata bila pa kwenda. Ulipozaliwa, Mama Kanini akaikata kamba. "Punda ikiwa na mtoto haiendi mahali," akamwambia mumewe. Kweli, sikwenda. Lakini wee, tulikimbia! Unakumbuka kule mtoni kwenye mchanga, ukianguka kifudifudi na kuinuka na pua nyeupe? Nilicheka mpaka watu wakaziba masikio.

Halafu ile siku ya soko Kathonzweni. Sikubebeshwa kitu, nikadhani tumehurumiwa. Kumbe mtoto wa punda akiuzwa hakubali kutembea peke yake, basi mamake hutangulizwa mpaka kwa mnunuzi. Ulinifuata ukirukaruka. Walipokutia kamba shingoni, ulinitazama mimi, si wao. Nililia njia nzima ya kurudi. "Aii, nyamaza! Si utazaa ingine," Mama Kanini akasema. Tulipofika nyumbani akanifunga tena.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na punda pia ni mzazi. Maziwa yaliniuma mpaka yakakauka. Nimechoka kukutamani, na siwezi kuacha.

Juzi wameniletea punda dume wa jirani. "Zaa tukufungue," Mama Kanini akaniambia, tena kwa upole. Nikampiga huyo dume mateke ya kifua mpaka akarudi kwao mbio. Wakacheka, eti shukrani ya punda. Wamlete mwingine, naye atayapata. Bado nataka kukimbia, Mwende, nataka sana. Lakini magoti yangu hayawezi kufika vilimani tena, na mtoto ambaye siwezi kumtorosha, sitamzaa. Wacha wanifunge.

Wewe bado una miguu. Siku utakayozaa watakufungua. Akishaweza kusimama tu huyo mtoto, ondokeni, msingoje siku ya soko.

Nakulilia,
Mamako