Kitambaa cha Mama Kadzo

Jumatatu, 12 Mei
Mifereji minne ya chuo, chupa nne za kupimia maji. Maktaba, bweni, msikiti, kantini. Naupitishia mdomo wa mfereji moto wa pamba na spiriti kuua vijidudu, ndipo nakinga. Vidole vinanuka hadi kwenye chai. Wa kantini una kitambaa mdomoni cha kuchuja mchanga, kazi ya Mama Kadzo, mpishi. Sikukifungua. Cha mtu mzima hakifunguliwi hivi hivi. Nikakinga na kitambaa chake, bila moto. Akanipa mahamri mawili. Nina raha.

Jumanne, 13 Mei
Sahani za maabara ziko tayari. Tatu safi. Ya kantini imejaa vidoa vya vijidudu kama upele. Dkt. Owino, mwalimu wangu, ataka ripoti Ijumaa. Maji yakiwa mabaya, kantini inafungwa. Mama Kadzo asomesha watoto watatu kwa kantini ile. Nami hula pale.

Jumatano, 14 Mei
Habari zimemfikia Mama Kadzo. Shikamoo yangu imejibiwa kwa shingo upande. Hamri moja, dogo, lililoungua. Nimeona haya, na hasira juu yake.

Nikitafuna, nikakiona kile kitambaa kinadondosha maji. Nilipima maji au kitambaa? Mjinga mimi. Nikaomba ruhusa kifunguliwe.

"Wasema ni kichafu? Nakifua kila Jumapili nikitoka kanisani."

Nikamwambia hakikauki wiki nzima, vijidudu hupenda hivyo. Akakifungua mwenyewe, amenuna. Chupa mbili: maji ya mfereji mtupu, na maji yaliyokamuliwa kitambaani.

Alhamisi, 15 Mei
Maji safi! Sahani ya kitambaa haina pa kuweka sindano. Nimecheka peke yangu maabarani. Nikampelekea Mama Kadzo picha kwenye simu. Aliitazama sana.

"Hawa wote nawalisha mimi? Na hakuna hata mmoja alipaye."

Tukacheka hadi akakaa chini.

Ijumaa, 16 Mei
Ripoti imepokelewa, kantini haifungwi. Dkt. Owino aliuliza kwa nini sikukifungua kitambaa siku ya kwanza, ilhali tulifundishwa kufungua. Nikasema ni cha Mama Kadzo. Hakuuliza tena. Naye hula pale.

Jioni nilipita. Mfereji hauna kitu mdomoni. Mama Kadzo alinikingia gilasi, akasimama kunitazama. Nikanywa. Chembe ya mchanga ikanikwaruza jino. Nikameza, nikamwambia ni matamu.