Koti la Kwenda kwa Hakimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimempelekea mwanangu Kambale ugali na sombe. Mlinzi amefunua sahani, ameonja, amefunika. Kwenye kibao wameandika Nyumba ya Malezi. Majirani wanasema gereza ya batoto. Mimi sokoni nasema yuko internat, shule ya bweni, anasoma, na anayetaka kucheka acheke. Ana miaka kumi na mitano. Aliiba betri ya pikipiki kwenye karakana. Mjinga. Lakini ni mwanangu.

Jumatano, 5 Machi

Keshokutwa anapelekwa kwa hakimu wa watoto. Huenda wakamwachia arudi nyumbani. Cheti cha kuzaliwa hana, karatasi zetu ziliungua kijijini Kalunguta tulipokimbia vita. Madame anayewafundisha kushona pale kaniambia: "Hapana ogopa, Mama Kambale. Juge ataona mwenyewe kama ni mutoto."

Nimetoa koti la marehemu baba yake. Nimelipiga pasi ya makaa. Hakuna atakayesema mwanangu ni wa barabarani.

Ijumaa, 7 Machi

Koti lilimkaa vizuri mno. Amerefuka humo ndani, ndevu zimeanza. Nilimwambia asimame wima, ajibu kama mwanaume. Akajibu kama mwanaume. Hakimu alimtazama, akamtazama tena. "Lakini huyu ni mutu muzima." Nikapiga kelele kwamba ni kumi na mitano. Mama gani hasemi hivyo? Wamemtoa kwa watoto. Anapelekwa gereza la Beni, kwa wakubwa.

Ni mimi niliyemvalisha. Mimi.

Jumanne, 11 Machi

Sijaenda sokoni. Dada yangu Kavira anasema nitafute watu wa Kalunguta washuhudie umri wake. Watu gani? Waliokuwepo alipozaliwa wamekufa, au wametawanyika. Najichukia. Rozari naishika tu, siisali.

Jumapili, 16 Machi

Nimefika Beni. Njia ilikuwa shwari. Nje ya gereza foleni ya wanawake, kila mmoja na sahani yake ndani ya kitambaa. Mlinzi, kijana tu, kaniuliza bila ubaya:

"Unaletea bwana yako?"

Nikamwambia ni mutoto wangu.

"Mama, huku hapana batoto."

Akapokea chakula. Kambale hawakuniruhusu kumwona. Nimekaa kwenye jiwe, nimengoja sahani. Imerudi tupu. Sijui nani amekula. Nimeifunga kwenye kitambaa, nikapanda gari la kurudi Butembo.