Matembezi Yasiyo na Msiba

Bi Mwanahawa, mshauri wetu wa gazeti, pokea salamu zangu kutoka Iringa, na kama una chungu jikoni kiepue kwanza, maana haya ninayokuletea ni marefu, na mimi si mwepesi wa kuomba msaada, lakini nimefika mahali sina mwingine wa kumwuliza bila kuchekwa.

Mimi ni fundi wa kukausha tumbaku katika shamba la Mgiriki mmoja huku kwetu, Bwana Stavro, na kazi yangu ni moto. Msimu wa mavuno majani yanatundikwa ndani ya bani, lile jengo refu la matofali, na mimi ndiye ninayechochea kuni na kuangalia joto mpaka kunakucha, kwa sababu moto ukizidi majani yanaungua na ukipungua yanaoza, hivyo tangu nimwoe Matilda, mama wa binti yetu Benedicta, jioni zangu zote zimeliwa na bani, yeye huniletea chakula pale, anakiweka chini, ananiuliza kama kuni zinatosha, halafu anarudi zake nyumbani, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya ndoa.

Mwaka jana bwana aliugua mguu akataka kwenda kwao, mji unaitwa Saloniki, uko kando ya bahari huko Ugiriki, akanichukua nimsaidie safarini, tukapanda meli Dar es Salaam na kupita Suez, na mimi bahari sikuwahi kuiona hata siku moja, lakini tulipofika ndugu zake wakampokea wao, na dada yake akaninyang'anya sanduku mkononi akasema mimi hapa ni mgeni, nisishike hata ndoo, kazi yangu ni kula na kuangalia mji. Basi nikakaa kama mtalii, Bi Mwanahawa, mimi Liberatus Kalinga, sina kuni wala moto wa kuulinda, mpaka mikono ikawa inaniwasha kwa kukosa cha kushika.

Na mji wenyewe ndivyo ulivyo, hauna haraka. Mchana wanafunga maduka wakalale, wazee wanakaa nje na kikombe cha kahawa kidogo kama kifuniko cha chupa, na kikombe hicho kinawatosha asubuhi nzima, pweza wameanikwa kwenye kamba kama nguo, na hakuna anayemwuliza mwenzake mbona umekaa. Lakini kilichonimaliza ni jioni. Jua likipoa watu wote wanavaa nguo nzuri wanatoka kutembea kando ya ukuta wa bahari, mume na mkewe wameshikana mkono, wanakwenda mpaka kwenye mnara mkubwa wanageuka wanarudi, hawaendi kwa mtu, hawana mzigo, wanatembea tu na kuongea, na mimi nikaanza kutembea nao kila jioni peke yangu, na bila kukusudia nikawa natembea upande mmoja wa njia, upande wa ukutani naacha nafasi, kama vile Matilda yupo.

Siku moja mzee mmoja anayechoma mahindi pale, ambaye mimi na yeye hatukuwa na lugha hata moja ya kusemezana, alinipa hindi, akaangalia pembeni yangu, akanipa na la pili, akinyoosha mkono pale pasipo na mtu. Nikaelewa ananiuliza mwenzako yuko wapi. La kwanza nililila. La pili nililibeba mpaka likapoa, nikaona haya kulitupa.

Nikamnunulia Matilda viatu vya kamba nyeupe, na bwana alipopata nafuu tukarudi. Msimu ulikuwa haujaanza, jioni ninazo, nikamwambia, "Mama Benedicta, vaa nguo ya Jumapili, vaa na viatu, twende tukatembee." Akauliza, "Kwa nani?" Nikasema si kwa mtu. Akanitazama sana lakini akavaa, na nilimwona anajitazama miguu kwa furaha, hilo silisahau.

Sasa kijijini kwetu barabara ni moja, inatoka kanisani mpaka ukingoni ambapo mlima unakatika na unaona bonde la Ruaha Mdogo chini, na mimi nilitaka tufike pale tusimame, maana hatuna bahari ila bonde tunalo. Ilikuwa Alhamisi, si siku ya ibada. Tunapita polepole, tumevaa vizuri, hatuna mzigo, hatuingii kwa mtu, na jirani yetu Mzee Kasian alipotuona akasimama, akavua kofia, akanisalimu kwa Kihehe na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kamwene, Baba Benedicta. Ni nani tena?" Nikamjibu, "Hakuna, mzee, tunatembea tu." Na wewe unaishi nyanda hizi, unajua kwetu habari ya kifo haisemwi njiani, mwenye msiba akiulizwa hujibu hakuna, mpaka afike. Basi jibu langu ndilo lililothibitisha. Nilipogeuka nikaona mzee anatufuata, na wanawake wamejifunga kanga viunoni, mmoja ana unga kwenye ungo, mwingine kuni kichwani, na kila nyumba tunayopita wanaongezeka, na kila ninaposema hakuna msiba ndipo wanapozidi kunihurumia.

Tulipofika ukingoni hakuna nyumba mbele, ni bonde tu, na hapo mmoja wa wale wanawake, Mama Tusekile, akaona labda mtu ameanguka kule chini, akaangua kilio, wote wakaitikia. Matilda akanishika mkono wa shati akasema, "Baba Benedicta, turudi, tunachekesha watu." Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimeungojea mwendo ule tangu baharini, nikapandwa na hasira, nikasema mbele ya watu wote, "Kule wanawake wanajua kutembea na waume zao. Wewe unajua kutembea na mzigo tu. Heri nisingerudi."

Kilio kikakatika. Matilda akainama, akavua vile viatu, akaviweka njiani kimoja pembeni ya kingine, akarudi nyumbani miguu mitupu, na kesho yake akapanda basi kwenda Mbeya kwa kaka yake Silvester. Najuta, Bi Mwanahawa. Ningekuwa na uwezo wa kuyameza maneno yale ningeyameza pale pale hata kama ni mawe.

Sasa shemeji Silvester amenitumia salamu na dereva wa basi, niende mbele ya ukoo nimtaje huyo mwanamke wa Ulaya, nitoe beberu wa kuomba radhi, yaishe, wanaume tunaelewana. Hakuna mwanamke, nakuapia. Lakini nikisimama mbele ya wakwe nikasema nilimkumbuka mke wangu nikataka kutembea naye, nani ataniamini? Watasema ninawafanya watoto, au nimerogwa. Rafiki yangu Marcelino ananishauri nikubali tu kuwa alikuwepo mwanamke, nitoe beberu, nirudishiwe mke. Bwana Stavro anauliza kila siku kama niko tayari kuwasha bani, na mimi sijui nimjibu nini. Je, nikubali kosa ambalo sikulifanya ili yaishe?

Mimi niliyejiharibia,
Liberatus Kalinga, Iringa

BI MWANAHAWA ANAJIBU

Liberatus, usithubutu! Huyo Marcelino mwambie akatafute ndoa yake ya kuiharibu. Ukimtaja mwanamke asiyekuwepo, siku hiyo hiyo atahamia nyumbani kwako. Atakaa mezani, atalala kitandani, na kila utakapochelewa bani Matilda atajua uko naye. Mwanamke wa kweli hufa au huolewa na mwingine, lakini huyo wa kubuni utamfukuzaje? Beberu wako mwache ale majani.

Nimekuhurumia, nikuambie ukweli. Niliposoma hilo hindi la pili niliweka miwani pembeni. Lakini hebu nijibu: habari za hindi hilo umemwambia nani? Umeniambia mimi, mwanamke wa Mbeya usiyemjua sura. Matilda ulimwambia nini? Vaa viatu, twende. Ulitembea naye baharini peke yako jioni nyingi, ukampa nafasi, ukaongea naye moyoni, ukarudi ukidhani naye alikuwa anakusikia. Mwenzio alikuwa huko Iringa. Kwake yale matembezi yalikuwa ya kwanza, na yalikuwa na watu wanaolia nyuma.

Majirani usiwalaumu. Watu walioona mmevaa wakachukua unga na kuni bila kuitwa, hao ni watu wa kushukuru, na ninadhani hukuwashukuru. Wapelekee neno.

Sasa kosa lako. Si kutembea. Ni "kule". Marehemu mume wangu alirudi kutoka Makka, ikawa kila chai ninayomwekea anasema ya Jidda ilikuwa tamu zaidi, mpaka asubuhi moja nikamwekea kikombe kitupu nikamwambia akajichotee Jidda. Alikoma. Wewe umekwenda mbali kumshinda: umemwambia mkeo hajui ila kutembea na mzigo. Mzigo wa nani, Liberatus? Chakula alichokuwa anakuletea bani alikuwa anampelekea nani? Na ulipokuwa umekaa kule mikono inakuwasha kwa kukosa kazi, shamba lako lililimwa na nani? Ulimtukana kwa jasho alilolitoa kwa ajili yako, tena mbele za watu, tena akiwa amevaa viatu vyako kwa furaha. Hiyo ndiyo iliyompandisha basi, si mambo ya Ulaya.

Nenda Mbeya wiki hii. Tumbaku isubiri, au Bwana Stavro akachochee mwenyewe kwa mguu wake mbovu. Chukua viatu, vifute vumbi, lakini usimpe mbele ya ukoo, usije ukaonekana unamnunua. Kwa Silvester ingia kwa heshima, salimia kama mkwe anavyosalimia, kisha sema mwanamke hakuna na beberu sitoi, ila kuna neno baya nililomwambia dada yenu mbele za watu, na nimekuja kulifuta mbele za watu. Halafu mwombe Matilda radhi hapo hapo, wote wakisikia. Watacheka, ndiyo. Acha wacheke. Yeye alililiwa na kijiji kizima na hakufa.

Wakiondoka, mkibaki wawili, ndipo umwambie habari ya ukuta, na nafasi uliyoiacha, na mzee wa mahindi. Sema polepole, usiruke kitu. Neno "kule" litumie mara hiyo moja, kisha ulizike. Asipotaka kurudi siku hiyo, lala kwa ndugu yako, rudi kesho yake uulize tena bila kununa.

Na akikubali, sikiliza vizuri. Mtakaposhuka kwenye basi, vifurushi vyake vyote uvibebe wewe, kichwani kama anavyobeba yeye, na yeye aje pembeni yako mikono mitupu, barabara ile ile, mchana kweupe. Mzee Kasian atasimama tu, namjua mtu wa aina hiyo. Atavua kofia, atauliza tena ni nani. Safari hii usimjibu "hakuna". Simama, utue mzigo kama inabidi, umwambie, "Mke wangu amerudi, mzee."