Mpira wa Kichwani

Harlow, Georgia
26 Aprili 1953

Kwako Kaka Lemuel,

Salamu nyingi. Hujambo huko Memphis? Bega lako la kurushia limepoa? Shangazi Orpha anaendeleaje na kifua chake? Mimi ni mzima, ila nimekonda.

Timu ya besiboli imenipokea, au niseme imenipa jezi. Mweusi ni mimi peke yangu. Wenzangu wanalala hotelini. Mimi nalala kwa Bi Crume, mjane mmoja ng'ambo ya reli, anayenipikia maharage na mkate wa mahindi na kunifokea nisipomaliza. Tukisafiri, wao wanashuka kula, mimi naletewa sahani ndani ya basi.

Jana nilipiga mpira kwa gongo ukavuka ukuta. Wazungu jukwaani wakanyamaza kama wako msibani. Watu wetu, kule kwenye kona yao ya jua, walishangilia mpaka askari akawafuata. Zamu yangu iliporudi, mrushaji wa wapinzani akaulenga uso wangu. Nikajitupa vumbini. Mtu akapiga kelele, "Amka, nyani, ndizi zinakuja!"

Unajua desturi: mchezaji akirushiwa kichwani, mrushaji wa timu yake humlipizia. Nikamtazama wetu, Hutto. Akasema, "Usinitazame mimi. Kichwa chako hakimo kwenye mkataba wangu."

Nifundishe kukwepa, kaka.

Mdogo wako,
Isom

Memphis, Tennessee
7 Juni 1953

Mdogo wangu Isom,

Barua yako tumeipata, nikaisoma kwa sauti mezani, ila pale pa nyani nilipapita Shangazi asisikie. Hajambo, ni kikohozi tu.

Mpira wa kichwani ukija, mwili utataka kurudi nyuma. Usirudi. Anguka hapohapo, kama mtu aliyeishiwa miguu.

Huku timu yetu ya weusi imekufa. Tangu wazungu waanze kuwachukua vijana kama ninyi, watu wetu wanapanda treni kwenda kuwatazama. Sisi mara ya mwisho tulivichezea viti vitupu. Mwenye timu ameuza basi, na jezi amezigawa kwa kanisa. Sikulaumu. Miaka yote tulikuwa tunagonga mlango ule. Umefunguliwa mimi nikiwa nimeshazeeka.

Lakini sikia! Timu ya Bexley, ya ligi yenu hiyohiyo, imenichukua. Wanataka weusi wanunue tiketi. Umri nimewadanganya. Tutakutana uwanjani, na usitegemee huruma.

Kaka yako,
Lemuel

Bexley, Georgia
9 Julai 1953

Isom,

Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Wiki ijayo tunakuja kwenu, na mimi ndiye nitakayeanza kurusha. Leo meneja wetu, Gaskin, ameniita pembeni.

"Yule wa Harlow ni ndugu yako, siyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Mpige kichwani, zamu yake ya kwanza tu. Mweusi akimpiga mweusi, magazeti hayana la kuandika."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. "Au urudi kwenu ukachume pamba," akasema.

Sitafanya. Nimekuandikia ili ukisikia maneno ya watu, uwe umeshayasikia kwangu.

Kaka yako,
Lemuel

Harlow
12 Julai 1953

Kaka mpendwa,

Salamu. Bi Crume anakusalimu, anasema ukija utakula kwake.

Nimewaza sana. Nipige. Si kichwani, bali mbavuni, ubavu wa kushoto. Nitageuka kidogo. Nitaanguka na kupiga mayowe kama Shangazi akiwa kanisani. Gaskin ataridhika, wewe utabaki na kazi, mimi nitabaki na alama. Kwa umri wako hakuna timu nyingine itakayokuchukua, na unalijua hilo. Usilete kiburi hapa.

Ukikataa, yule bwana anao warushaji wengine. Tafadhali, kaka.

Mdogo wako,
Isom

Memphis
2 Agosti 1953

Isom,

Kama ni Bi Crume anayekusomea, shikamoo mama, na asante.

Nilikuja hospitali. Kule chini kwenye wodi ya weusi muuguzi aliniambia humtambui mtu, nikakaa ngazini mpaka wakanifukuza.

Nilikuwa nimenuia kukupiga mbavuni kama ulivyosema. Naapa. Nikainua mkono, nikakuona umeshaanza kunigeuzia ubavu, umekaza meno unangoja kuumizwa na mimi. Nikashindwa. Mpira ukapita katikati bila kukugusa. Ukanitazama kwa hasira. Nikarusha wa pili vilevile, ukaupiga mpaka ukutani. Gaskin akaja akanipokonya mpira mbele ya watu wote, akampa kijana mmoja wa kizungu.

Zamu yako iliporudi nilikuwa benchini. Yule kijana hakungoja hata usimame sawasawa, akakurushia kichwani. Nilipiga kelele, "Anguka!" Sijui kama ulisikia.

Kazi imekwisha, hilo si neno. Lakini ningekupiga mimi, leo ungekuwa unatembea na kunicheka. Niambie lililo moyoni, hata kama ni matusi.

Kaka yako,
Lemuel

Harlow
20 Septemba 1953

Kaka Lemuel,

Hujambo? Shangazi je? Naandika kwa mkono wangu. Mistari ikipanda na kushuka, nivumilie.

Jicho la kushoto halitarudi. La kulia linaona, lakini halijui kilicho mbali wala karibu. Hata kikombe cha Bi Crume nakikosa, kahawa inamwagika mezani, naye anajifanya hakuona. Timu imeniacha. Wameshamleta mweusi mwingine, kutoka Alabama. Analala kwenye kitanda changu, mimi nimehamia chumba cha nyuma. Hutto alikuja mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Pole," akaondoka. Bi Crume hakumkaribisha.

Umetaka ukweli. Nilikukasirikia. Nililala kule hospitalini nikijiuliza kwa nini hukunipiga, na ziko siku bado najiuliza. Pengine nitajiuliza mpaka nife, na wewe itabidi uzoee.

Lakini ule mpira wako wa pili, kaka, niliuona tangu unakutoka vidoleni. Niliona mpaka nyuzi zake nyekundu. Ndio wa mwisho niliouona kwa macho mawili.

Nitakuja Krismasi. Uje stesheni unishike mkono. Ngazi za treni zinanishinda.

Mdogo wako,
Isom