Maua ya Nyuma ya Shamba la Mihogo

Kampemba, Lubumbashi

Mama yangu,

Goti lako linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto, au umeshaamua kwamba limepona kwa kuwa mahindi yanakusubiri? Nakujua. Mimi mwili ni mzima, nakula, Jumapili naenda misa, na paa la chumba changu linavuja upande usio na kitanda. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ningekupigia simu, lakini wewe ukipigiwa unaweka spika, na Lukafu nzima inavuta viti kusikiliza. Mambo haya si ya Lukafu nzima. Akusomee mdogo wangu Odile peke yake, mlango mkiwa mmeufunga.

Kazi yangu unaijua: natunza miche kwenye kitalu cha mgodi. Kile kilima kipara nilichokusimulia hakipo tena, wamekichimba mpaka kimekuwa shimo. Kabla mashine hazijafika, tuling'oa mimea iliyokuwa juu yake, ile midogo yenye maua ya urujuani inayoota penye shaba tu, tukaitia kwenye mifuko ya plastiki pamoja na udongo wake ili siku moja irudishwe porini. Mademoiselle, binti wa chuo kikuu anayetufundisha kazi, alisema wametafuta vilima vyote wanavyovijua, hawakuona mwingine wa aina ile. Basi yote iliyobaki duniani ilikuwa mikononi mwetu, mimi na Papa Célestin, mzee wa Kasai ninayefanya naye kazi.

Mama, mimi ndiye niliyeiua.

Ilikuwa imekonda mno. Vijani vyenyewe kama kucha za mtoto, vimesimama kwenye mchanga wa mawe ya kijani ambao hata wewe usingepanda kitunguu. Niliona aibu. Wewe ulinifundisha kwamba mmea haukui kwa kutazamwa. Mademoiselle alikuwa amesafiri, basi nikanunua mbolea ya kuku sokoni, nikachota udongo mweusi bondeni, nikaanza kuhamisha miche yote.

Papa Célestin alisita. "Régine, balitukataza kubadilisha udongo."

"Papa, weye unaweza kukula mawe?" nikamjibu. "Hii mimea iko na njaa."

Akacheka, akanisaidia. Wiki mbili ikanawiri ajabu, nikaipiga hata picha nikuonyeshe. Kisha mashina yakalainika, ukungu mweupe ukapanda kutoka chini, na kila asubuhi tukakuta mingine imelala. Nilipunguza maji, nikaongeza maji, nikasali. Haukubaki hata mmoja.

Mademoiselle aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichuchumaa kati ya ile mifuko, akasema polepole, "Ile shaba njo ilikuwa inaichunga, Mama Régine. Ukungu haiwezi kuishi mu shaba. Mulitoa sumu, mukatoa na dawa." Halafu akalia, mtoto wa watu, na mimi nikalia pamoja naye.

Walituita ofisini. Injenia wa mgodi alikuwa ameshaandika ripoti: mimea imekufa kwa ukame, sababu za asili. "Mvula ilikawia," akasema. "Na bintu binakufaka tu. Bingine bilikufa kabla muntu hajakuwa mu dunia. Nani alibiua?" Papa Célestin akaitikia kwamba Mungu anatoa na Mungu anachukua.

"Njo kweli, bingine bilikufa bila muntu," Mademoiselle akasema. "Lakini hii ilikuwa juu ya kile kilima myaka yote. Jua ilipita, moto ya pori ilipita, haikufa. Ilikufa wakati sisi tulifika."

Injenia alitusogezea karatasi ya ripoti mimi na Papa Célestin, na sote wawili tukatia sahihi. Papa Célestin ana mke mgonjwa. Mimi sina cha kujitetea, niliogopa tu. Majuto ni mjukuu, nami nimeshamzaa huyo mjukuu na nalala naye.

Tulipokuwa tunatoka, Mademoiselle akatuomba mbele ya injenia: kama kuna anayejua mahali pengine penye maua yale, aseme, wakachukue mbegu. Nikatazama chini. Mama, maua yale yapo kwetu. Pale kwenye mteremko nyuma ya shamba lako la mihogo, pasipoota hata nyasi za mbuzi, karibu na kaburi la Baba. Jani lile lile, ukilisugua harufu ile ile. Nimecheza nayo utoto wangu wote.

Nikimwambia Mademoiselle, ataandika, na atakachoandika kitasomwa na injenia. Tangu zamani wanaotafuta shaba huyafuata maua hayo. Mdomo huponza kichwa, na ua hili hata mdomo halina, lakini litatuponza. Watu wa kijiji kilichokuwa hapa mgodini niliwaona wakihamishwa. Walipewa nyumba za mabati kwenye uwanda usio na kisima, na wazee wao walifukuliwa makaburini, wakatiwa kwenye visanduku vya mbao vifupi kuliko mkono wangu. Mwanamke mmoja wa umri wako alikuwa amepakata cha mumewe kwenye lori.

Jumanne injenia alinisimamisha. "Régine, kwenu njo wapi?" Nikadanganya, nikasema Pweto. Lakini karatasi zangu za kazi zimeandikwa Lukafu, na yeye anajua kusoma.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, na sijawahi kukuomba jambo baya kuliko hili. Yang'oe. Yote, na mizizi, kabla mvua hazijaisha na mbegu hazijakauka, kisha uyachome. Usiwaachie watoto, watasahau mengine vichakani. Ile ya kitalu niliiua kwa ujinga wa kupenda, na hii naiua nikijua. Mademoiselle akinitazama usoni nitaona haya mpaka nife. Lakini kati ya ua na wewe, nimekuchagua wewe.

Nisalimie mjomba wangu katekista, naye asiambiwe kitu. Nisalimie mama mkubwa wa Pweto anayekausha samaki akipita, na shangazi aliyekusaidia kunilea. Wabusu watoto wa Odile. Goti likiuma, fanya kazi hiyo umekaa chini, pole pole.

Na Mademoiselle alinieleza kwamba mbegu za maua haya hulala ardhini miaka mingi zikisubiri. Basi mwakani urudi pale, Mama, na mwaka utakaofuata, mpaka uone hakioti kitu.

Mtoto wako wa kwanza,
Régine